Kuiachia kompyuta itafute: maswali ya waandishi wa programu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Maswali haya tumeyaokota kwenye mafunzo ya Jumamosi, Mbeya mjini mara nyingi, Iringa na Makambako mara chache. Wanaouliza ni vijana wanaoandika mifumo ya SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), shule na maduka ya dawa. Yanayorudi kila mara ndiyo yaliyomo humu. Kama jibu limeshatolewa mahali pengine, tunakuelekeza huko.

## Mwanzo

1. Mbinu za utafutaji katika uhandisi wa programu ni kitu gani hasa?

Ni kuichukua kazi ya mwandishi wa programu na kuigeuza kuwa kazi ya kutafuta. Badala ya kukaa ukibuni testi (vipande vya programu vinavyoijaribu programu yenyewe) moja baada ya nyingine, unaieleza kompyuta jibu zuri linapimwaje. Yenyewe inajaribu majibu maelfu, inabakiza yaliyo afadhali, inayabadilisha kidogo, inapima tena. Jibu linalotafutwa linaweza kuwa data za kujaribia fankisheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja), mipangilio ya seva, orodha ya vipengele vya toleo lijalo, au hata kiraka cha kuziba hitilafu.

Unahitaji namna ya kuliandika jibu ili kompyuta iweze kuligusa, namna ya kulibadilisha, na kipimo. Viwili vya kwanza zana nyingi zinakupa tayari. Kipimo ndicho kinachowashinda watu, na ndiyo sababu swali linalofuata ni refu.

2. Kipimo ni nini, na kinaandikwaje?

Kipimo ni fankisheni inayopokea jibu na kurudisha namba inayosema jibu hilo lina ubora kiasi gani. Tuchukue mstari mmoja wa mfumo wa SACCOS:

`if (salio == 250000 && miezi > 6)`

Unataka testi itakayoingia ndani ya sharti hilo. Ukirusha namba nzima za kubahatisha kati ya sifuri na milioni 10, nafasi ya kuangukia 250,000 kamili ni kama moja katika milioni 10 kwa kila mrusho. Utakesha. Sasa badala ya kuuliza "imeingia au haikuingia", uliza "imebaki kiasi gani kuingia". Salio likiwa 180,000, umbali ni 70,000. Likiwa 240,000, umbali ni 10,000, kwa hiyo kompyuta inajua imeelekea pazuri. Ikiruka hadi 265,000 umbali unakuwa 15,000, inarudi nyuma. Baada ya hatua chache iko penyewe. Miezi nayo inapimwa hivyohivyo: miezi minne imebakiza mitatu kufika saba. Huu huitwa umbali wa tawi (tawi ni njia ambayo programu hufuata sharti likitimia au lisipotimia), na Bogdan Korel aliutumia kutafutia data za testi tangu 1990.

Sasa fichia sharti lilelile ndani ya fankisheni `anaruhusiwa()` inayorudisha ndiyo au hapana tu. Namba zimetoweka. Kompyuta iko kama mtu aliyeshushwa usiku katikati ya bonde la Usangu: pande zote tambarare, hakuna mguu unaohisi kupanda. Zana nzuri hujaribu kuuchungulia msimbo wa ndani ili kurudisha mteremko, lakini ukiandika msimbo wako ukiacha namba zionekane, unaisaidia sana.

Hatari nyingine ni kupima kitu usichokimaanisha. Ukipima kasi peke yake, programu ya haraka kuliko zote ni ile isiyofanya kazi yoyote, na utafutaji utakuletea hiyo. Ukipima uchache wa testi peke yake, utaletewa faili tupu. Kompyuta haijakosea hapo, imetii ulichoandika.

3. Algoriti zenyewe zinatofautianaje?

Iliyo rahisi ni kupanda kilima. Umeshuka gari Isyonje asubuhi, ukungu umefunga, huoni hatua tano mbele. Unapapasa kwa mguu upande unaopanda, unakwenda huko. Ukifika mahali pande zote zinashuka, unasimama ukidhani umefika. Ukungu ukipanda ndipo unaona Mlima Rungwe uko kule ng'ambo na wewe uko juu ya kichuguu. Hicho ndicho kilele kidogo, na kupanda kilima hukwama hapo mara kwa mara. Dawa moja ni kuanza upya sehemu nyingi tofauti. Nyingine ni kupoza taratibu, iliyoelezwa na Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi mwaka 1983: mwanzoni unakubali kushuka mara nyingi, kisha unapunguza ruhusa hiyo kadiri muda unavyokwenda.

Algoriti za kijenetiki, ambazo John Holland alizieleza katika kitabu cha 1975, zinafanana na kazi ya watu wa mbegu. Pale kituo cha utafiti cha Uyole maharage hayaboreshwi kwa kubembeleza mche mmoja. Unapanda aina nyingi, unachagua zinazofaa, unazizalisha pamoja, unarudia msimu hadi msimu. Kwenye kompyuta "msimu" mmoja unaweza kuisha kwa sekunde.

Malengo yakiwa zaidi ya moja na yanavutana, kuna jamii nyingine kama NSGA-II ya Kalyanmoy Deb na wenzake (2002), inayorudisha kundi la majibu badala ya moja. Faida yake inaonekana kwenye swali la 14.

Usipoteze usiku mzima ukichagua algoriti. Wolpert na Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba hakuna iliyo bora kuliko nyingine zote kwa kila aina ya tatizo. Muda huo uweke kwenye kipimo.

4. Ni kitu kipya?

Hapana. Webb Miller na David Spooner walitafuta data za testi kwa njia ya namna hii mwaka 1976. Jina linalotumika sasa, kwa Kiingereza search-based software engineering, lilitolewa na Mark Harman na Bryan Jones mwaka 2001.

## Kazini

5. Nani anaitumia kweli, nje ya vyuo?

Mfano unaojulikana zaidi ni Sapienz. Ilianza kama utafiti London, iliyoandikwa na Ke Mao, Mark Harman na Yue Jia (2016), na mwaka 2017 timu yake ikaingia Facebook. Inabonyezabonyeza programu ya simu ikitafuta mfuatano wa vitendo unaoiangusha, huku ikitaka mfuatano huo uwe mfupi na ufike sehemu nyingi za programu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa DaimlerChrysler walitafuta kwa njia hii mazingira ambayo mfumo wa gari la kujiegesha lenyewe ungegonga. Kipimo chao kilikuwa umbali uliobaki kabla ya kugonga. Iceland nako, kampuni moja ndogo ya programu iliweka kwenye mfumo wa kituo cha kurekebisha afya mtambo uliotafuta viraka usiku. Asubuhi mwandishi wa programu akakuta mapendekezo yanamsubiri.

Halafu kuna wanaoitumia bila kujua jina lake. AFL, zana ya kusaka hitilafu ya Michał Zalewski, inabadilisha faili la kuingiza kidogo kidogo na kubakiza lile linalofika njia mpya ndani ya programu. Huo ni utafutaji kamili.

Ukiiangalia mifano hii utaona kitu kimoja: kipimo kilikuwepo tayari. Programu imeanguka au haijaanguka. Gari limebakiza sentimita ngapi. Testi zimepita ngapi. Hakuna aliyehitaji kikao kukubaliana.

6. Kama ni nzuri hivyo, mbona ofisini kwetu haipo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu la haraka la watu ni "kompyuta zetu dhaifu". Silikubali, na sababu iko kwenye swali la 9.

Sababu kubwa ni kwamba kipimo hakipo kwa sababu mahitaji yenyewe hayajaandikwa. Mteja amesema "mfumo uwe mzuri, usisumbue". Mwandishi wa programu anaweza kuendelea na maneno hayo, atakisia, atapiga simu, ataelewana na mteja. Utafutaji hauwezi kukisia. Unakudai namba siku ya kwanza, na siku hiyo ndipo ofisi nyingi hugundua kwamba hazijui faini ya mkopo uliochelewa inahesabiwa kuanzia siku ya 30 au ya 31. Nimeona timu ikiiacha zana hapo ikisema "haifanyi kazi". Zana ilikuwa imewaonyesha shimo, na ningependa sana watu walione hivyo.

Sababu ya pili ni wakati wa kupeleka majibu. Waliounganisha Sapienz na kazi za kila siku pale Facebook walieleza kwamba ripoti hupata nguvu ikimfikia mhandisi wakati anapoleta mabadiliko yake, msimbo ukiwa bado moto kichwani. Orodha ndefu ya hitilafu za miezi mitatu iliyopita haimhusu mtu. Kwenye timu ya watu wawili hili ni rahisi zaidi: iendeshe kabla ya kuunganisha msimbo, na majibu yake ayasome yuleyule aliyeuandika.

Ya tatu ni kuaminiana, na hiyo ina sehemu yake nzima hapa chini. Kuna na ya nne, ndogo ila ipo: wengi wanaokuja kwenye mafunzo walizisoma algoriti za kijenetiki kwenye somo la akili bandia, kwa mfano wa mchuuzi anayezunguka miji, na hawakuambiwa kwamba zinaweza kuwaandikia testi.

7. Nianzie wapi Jumatatu asubuhi?

Chagua fankisheni moja au darasa (class) moja linalofanya hesabu tu: riba, faini, kugeuza kilo kuwa pesa. Lisiguse hifadhidata, lisitume SMS. Kisha, kwa Python, kuna Pynguin, zana ya kuzalisha testi:

`pynguin --project-path . --module-name riba --output-path testi`

Kwa Java kuna EvoSuite, ya Gordon Fraser na Andrea Arcuri (2011), ambayo usipoipangia muda hutafuta kwa dakika moja kwa kila darasa. Inaendana zaidi na Java ya zamani kama Java 8, kwa hiyo mradi wa Java mpya unaweza kukusumbua. Hilo likitokea usihangaike nalo wiki nzima, jaribu darasa hilo kwenye mradi mdogo wa pembeni.

Testi zikitoka, zisome zote. Ukiona zaidi ya 20, punguza ukubwa wa ulichokipa. Siku ya kwanza lengo ni kuona kompyuta imefikia wapi ambapo wewe hukufikiria: salio hasi, miezi sifuri, jina tupu. Kabla ya kubonyeza, soma swali la 15.

8. Naandika PHP. Nimeachwa?

Hujaachwa, ila unapitia mlango mwingine. EvoMaster, aliyoianzisha Arcuri, inaweza kuujaribu mfumo kwa nje kupitia API yake (mlango ambao programu nyingine huongea nao) bila kujali ndani umeandikwa kwa lugha gani. Inachohitaji ni maelezo ya API kwa mtindo wa OpenAPI, yaani faili linaloorodhesha maombi ambayo mfumo unapokea. Kwa nje haioni matawi ya msimbo wako, kwa hiyo hufika sehemu chache kuliko inavyofika ndani ya programu za Java au Kotlin. Hata hivyo kosa la 500 (seva imeshindwa kwa ndani) ni kosa la 500, na huwa inayapata.

9. Laptopu yangu ina RAM ya 8, na umeme unakatika. Itawezekana?

Itawezekana. Kazi kama ile ya swali la 7 ni ya dakika chache. Kazi ndefu iwashe jioni, na igawe darasa kwa darasa, kila moja ikihifadhi majibu yake. Umeme ukikatika saa nane usiku utapoteza darasa moja tu. Ukishapakua zana na vifurushi vyake, haihitaji bando.

## Kuamini majibu

10. Testi zote zimepita, hitilafu imebaki palepale. Imekuwaje?

Hili limenipata mimi mwenyewe, na bado linaniuma.

Tulikuwa tumewaandikia chama kimoja cha wakulima wa kahawa mfumo wa kupokelea mzigo. Nikazalisha testi za sehemu ya mizani, zikaja nyingi, zikagusa karibu kila mstari, zote kijani. Nikaweka mfumo kazini nikiwa na amani. Wiki ya pili mama aliyekuwa karani wa mizani akanipigia simu. Alikuwa ameendelea na daftari lake la kaunta, na kila jioni alijumlisha kwa kalamu. "Mwanangu," akasema, "mashine yenu inakula gramu za watu." Gunia la kilo 47.6 lilikuwa linaingia kama 47. Msimbo wangu ulikata desimali badala ya kuzitunza.

Nilipofungua testi nikaiona mojawapo imeandikwa wazi: ukiingiza 47.6, tarajia 47. Zana ilikuwa imeendesha programu, ikaona inarudisha 47, ikaandika kwamba 47 ndiyo sahihi. Haikuwa na njia ya kujua vinginevyo. Testi ya namna hii inakulinda dhidi ya mabadiliko ya kesho, haikuambii kama leo uko sahihi. Utafiti wa Fraser na wenzake wa 2013 ulionyesha jambo hilihili: waliosaidiwa na zana walifika sehemu nyingi zaidi za msimbo, lakini hawakupata hitilafu nyingi zaidi.

Tangu hapo nafanya mambo mawili. Thamani inayotarajiwa katika kila testi naisoma pamoja na mtu anayeijua kazi: karani, mhasibu, mfamasia. La pili lina nguvu zaidi. Badala ya kuitaka zana iguse mistari tu, naandika kanuni isiyotakiwa kuvunjika, kisha naiambia itafute data za kuivunja. Kwa chama kile kanuni ni fupi: jumla ya kilo zilizolipwa iwe sawa na jumla ya kilo zilizopokelewa. Kipimo ni tofauti kati ya jumla hizo mbili, na utafutaji unajitahidi kuikuza. Kwa kanuni hiyo, gunia la 47.6 lingeonekana mapema, kabla ya yule mama kulazimika kunipigia simu.

11. Testi zinazozalishwa hazisomeki. Nifanyeje?

Ni kweli, utakuta `test0`, `var1`, na maneno ya herufi zisizo na maana. Bakiza chache ambazo kila moja inafika mahali pa pekee, zipe majina ya Kiswahili yanayosema kinachojaribiwa, badilisha herufi za ovyo kwa thamani zinazoeleweka, futa nyingine. Usiingize kwenye mradi testi ambayo huwezi kumweleza mwenzako.

12. Nimeiendesha mara mbili, majibu mawili tofauti. Niamini lipi?

Yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Utafutaji una bahati ndani yake. Ukitaka kurudia jambo lilelile, weka namba ya mbegu (namba inayoanzisha bahati hiyo) ileile na uiandike mahali, na pima kwa idadi ya hatua badala ya dakika, kwa sababu kasi ya mashine hubadilika. Ukitaka kusema zana hii ni bora kuliko ile, mara moja haitoshi kabisa. Watafiti huendesha kila moja mara 30 au zaidi kabla ya kufungua mdomo.

13. Inaweza kurekebisha hitilafu yenyewe?

Inaweza kupendekeza. Zana ya GenProg ya 2009 ilikuwa ya kwanza kuwashtua watu kwa hilo. Mwaka 2015 watafiti wengine wakavikagua viraka vyake, wakakuta vingi vinapitisha testi kwa kufuta tu kazi ambayo programu ilitakiwa kuifanya. Ni tatizo lilelile la swali la 2. SapFix, iliyotangazwa na Facebook mwaka 2018, ilibakiza mhandisi wa kukubali au kukataa kila kiraka. Na wewe fanya hivyo.

## Mambo ya pembeni

14. Naweza kuitumia kuamua nini kiingie kwenye toleo lijalo?

Ndiyo, na ni tatizo linalojulikana tangu 2001, lilipoandikwa na Bagnall, Rayward-Smith na Whittley. Mwenyekiti wa AMCOS anataka stakabadhi kwa SMS, mhasibu anataka ripoti ya mwezi, karani anataka mizani ifanye kazi bila mtandao, na wewe una wiki tatu. Maombi yakiwa sita, michanganyiko ni 64: chukua karatasi. Yakiwa 40, michanganyiko inapita trilioni moja, na hapo utafutaji una kazi.

Tumia algoriti ya malengo mengi ili upate kundi la majibu: kwa wiki mbili mnapata hivi, kwa tatu hivi, kwa nne hivi. Liweke mezani wanachama walione, waamue wao. Usiwapelekee jibu moja na kuwaambia kompyuta ndiyo imeamua. Uzito wa ombi la mwenyekiti dhidi ya la karani uliuweka wewe, na wana haki ya kuuona.

15. Naweza kuiendesha kwenye seva yenye data za wanachama?

Usifanye hivyo hata mara moja. Zana hizi zinaendesha msimbo wako kwa thamani za ovyo. Fankisheni inayofuta faili itafuta faili. Pynguin hukataa kuanza mpaka uweke kigezo cha `PYNGUIN_DANGER_AWARE` kuthibitisha kwamba umeelewa hatari hiyo. EvoMaster nayo itatuma maombi ya kweli ya kuongeza na kufuta, na mfumo uliounganishwa na SMS utawatumia watu SMS usiku wa manane.

Tenga mashine au kontena, weka hifadhidata ya kubuni, kata mawasiliano ya malipo ya simu. Kunakili data halisi za watu kwa ajili ya testi kunakuingiza pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina ya kubuni hayana gharama.

16. Siku hizi modeli za lugha zinaandika testi. Utafutaji una kazi gani tena?

Vinasaidiana. Modeli hukisia thamani zenye maana, kama tarehe au namba ya simu, ambazo utafutaji huhangaika kuzifikia. Utafutaji unaendesha programu kwa kweli na kupima ulikofika, jambo ambalo kuandika tu hakulifanyi. Mwaka 2023 ilitoka CodaMosa, iliyojengwa juu ya Pynguin: utafutaji ukikwama kwenye tambarare, modeli inaombwa mfano, kisha utafutaji unaendelea kutoka hapo. Tahadhari ya swali la 10 inabaki kwa zote mbili.

17. Lini nisiitumie kabisa?

Kama majibu yote yanahesabika, yahesabu. Kama kupima jibu moja kunachukua dakika kumi, majaribio 1,000 ni karibu siku saba; tafuta kwanza kipimo cha haraka zaidi. Na kama ubora uko machoni na mikononi mwa mtumiaji, mfano wapi kitufe cha "Pokea mzigo" kikae kwenye skrini ya simu ya karani aliyevaa glavu saa moja asubuhi Mbozi, funga laptopu, panda gari, ukakae karibu na mizani umwangalie anavyobonyeza.